Nani Aonje Kibuyu

"Hataonja!"

"Ataonja!"

"Kashaija, hataonja. Kama masikio yako yamejaa nta, sogea niyachokoe kwa mwiko huu."

"Mama Rwezaura, weka mwiko chini. Wageni wako njiani. Kijana wa nyumba ndiye abebaye kibuyu, na abebaye kibuyu ndiye aonjaye. Sikuitunga mimi mila hiyo. Niliikuta."

"Na mimi nilikukuta wewe unakojoa kitandani, mwaka ule nilipoletwa hapa kuwa mke wa kaka yako. Mbona hiyo hukuing'ang'ania?"

Alistides, mwanawe Kashaija, alicheka puani, kisha akakumbuka anayechekwa ni baba yake, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi. Kilikuwa kikohozi kirefu, na harufu ya pombe ilinifikia pale niliposimama. Kijana yule alikuwa ameshaonja tangu jua linachomoza, wala hakuna aliyemwita mgonjwa.

Tulikuwa sebuleni kwangu hapa Kamuli. Nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, matoke yako motoni, kahawa za kutafuna zimo katika kijikapu kipya. Ilikuwa siku ya kumposa mjukuu wangu Kampire, naye alikuwa chumba cha ndani na shangazi zake, wanampaka mafuta. Mposaji ni Methodius wa Kibingo, na baba yake ni Mzee Cleophace, yule mwenye masharubu makubwa hata watu husema mwaka wa mvua nyingi kuku wake alitagia humo akaangua salama.

Sasa, kwetu posa haianzi kwa maneno. Huanza kwa kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Kijana wa kiume wa nyumba hukibeba, hupiga goti mbele ya mkubwa wa wageni, hunywa yeye kwanza funda moja kila mtu akimtazama koo, ndipo hukikabidhi. Maana yake: hapa hamna sumu, kunyweni, sisi ni ndugu. Kibuyu kisichoonjwa ni tusi. Marehemu baba yake Cleophace aliwahi kugeuza njia na ng'ombe wake wa mahari kwa sababu ya kibuyu cha namna hiyo, na wale ng'ombe, nasikia, walikasirika kuliko yeye.

Na kijana wa nyumba yangu ni Akankwasa, kaka yake Kampire, mtoto pekee wa kiume aliyeachwa na mwanangu Rwezaura. Pombe ndiyo kitu ambacho Akankwasa hawezi kukigusa. Akionja, hatarudi na funda moja. Atarudi kule alikotoka, na kule alikotoka mimi nilikuona.

"Kama hawezi," akasema Kashaija, sasa kwa sauti laini, ile sauti ya mtu anayempapasa kuku kabla ya kumshika miguu, "hakuna ubaya. Alistides atabeba. Ni damu ileile."

Alistides akajiweka sawa kola.

"Na kesho?" nikamuuliza.

"Kesho nini?"

"Kesho si utawaambia wazee wa ukoo kwamba aliyebeba kibuyu mbele ya wakwe ndiye kijana wa nyumba? Na kijana wa nyumba ndiye mwenye kibanja, shamba hili la migomba?"

Kashaija alitazama nje mlangoni, kwenye migomba ya Rwezaura, jinsi fisi anavyotazama ng'ombe anayechechemea. Hapo ndipo mfupa ulipokuwa, chini ya nyama yote ile ya mila. Akankwasa akionja, tunampoteza. Asipoonja, anapoteza nafasi yake, na shamba la baba yake linavuka mpaka kwenda kwa Kashaija bila hata kubeba viatu.

Kwenye mkeka karibu na mlango alikaa Katusiime, kofia yake ya pikipiki mapajani. Mwembamba kama mrija wa kunywea pombe. Yeye ni afisa ustawi wa jamii, lakini jina refu hilo watu wetu wamelikata mkia, wanamwita Ustawi. Alikuwa amealikwa na Kampire mwenyewe. Mpaka hapo alikuwa hajasema neno, na Kashaija alimtupia jicho kila baada ya sentensi, kama mtu anayesemea karibu na mzinga wa nyuki.

Ngoja niwaambie Akankwasa ni nani, maana mtu akisikia "yule kijana aliyefungwa mnyororo" anadhani amemjua.

Alizaliwa msimu wa senene. Usiku ule mvua ya senene ilikuwa nzito, naye akalia mlio mmoja tu, senene wote wa kilima hiki wakaanguka wamezimia. Tulikula mpaka Krismasi. Wanaobisha hawakuwepo. Baba yake alifariki yeye akiwa bado anachunga mbuzi, mama yake akaolewa upya ng'ambo ya mto, Uganda, yeye akabaki kwangu na dada yake. Alipopata nguvu alikwenda kuchunga ng'ombe wa watu kule kwenye mbuga, ng'ombe wenye pembe ndefu sana, mvua ikianza kunyesha ncha zinalowa leo na ng'ombe mwenyewe analowa kesho. Alikuwa mtoto mpole. Alijua kila ng'ombe kwa jina, na akija nyumbani ananisimulia habari zao kama majirani: huyu kanuna, yule kamnyang'anya mwenzake bwana.

Kisha wenzake wakamwambia kwamba kwenye mashimo ya madini ya bati kijana anakuwa mwanaume kwa wiki moja. Akaenda kuchimba. Na kweli akawa mwanaume. Alirudi na redio, jaketi la ngozi, na kiu.

Gongo ya kule mashimoni si ya mchezo. Nzi aliyepita juu ya dumu lake nilimwona kwa macho yangu akiruka kinyumenyume, akiomba radhi kwa kila aliyekutana naye. Akankwasa akainywa. Juu yake akavuta bangi, kwa sababu shimoni kuna giza na udongo unaanguka, na kijana lazima awe na kitu cha kumsahaulisha kwamba udongo unaanguka. Akauza redio. Akauza jaketi. Akaja akauza mlango wangu wa jikoni, nikapika wiki nzima mbuzi wa jirani wakinitazama.

Hayo nayacheka. Yaliyofuata siyacheki. Mimi ni mwongo wa siku nyingi na sioni haya, lakini hili sikulitia chumvi maana lilikuwa na chumvi yake. Migomba ilianza kumwita. Alikuwa akitoka alfajiri, anasimama katikati ya kibanja, anauliza, "Nani? Nani kaniita?" Anasikiliza, analia. Siku moja akashika panga akakata migomba mitatu, na nilipomuuliza akaniambia ilikuwa inamtukana mama yake. Alikuwa ameacha kula kwa sababu aliamini chakula kinamsema.

Wakati huo nilikwenda Kituntu, nilikozaliwa, kumzika dada yangu. Niliporudi nilimkuta mjukuu wangu amefungwa kwenye nguzo ya zizi la Kashaija, mnyororo mguuni, kufuli kubwa kama ngumi.

"Ni dawa," akaniambia Kashaija. "Mganga amesema akae hapo mpaka pepo lichoke."

"Litachoka pepo au atachoka mtoto?"

"Mama Rwezaura, wewe hukusoma. Haya mambo huyajui."

Na yeye alisoma wapi? Tulikimbia shule moja, tofauti ni kwamba mimi nilikimbia mapema zaidi.

Sikubishana naye. Nilipanda bodaboda kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaenda ofisi ya kata. Kijana aliyeniendesha anawaambia watu kwamba nilifumba macho njia nzima. Mwongo mwenzangu. Niliyafungua yote mawili, ndiyo maana niliona pikipiki ikivuka daraja bila kuligusa. Ofisini nikakuta binti mwembamba anafunga buti zake. Nikamwambia, "Shikamoo nitaipokea baadaye, mwanangu. Wamemfunga mjukuu wangu kama fahali." Akaniuliza ninatoka wapi, nikasema nimeolewa Kamuli lakini nimezaliwa Kituntu. Akasema, "Hata mimi, kaaka." Kaaka ndiyo bibi kwa lugha yetu. Niliposikia hivyo nikajua mambo yamekwisha, maana watu wa Kituntu kurudi nyuma hatukufundishwa, hata ng'ombe wetu ukitaka wageuke lazima uzungushe kilima.

Majirani walikusanyika zizini wakitegemea kelele, labda polisi. Katusiime hakupiga kelele. Alimwamkia Kashaija shikamoo, akapita, akaenda kukaa chini palepale kwenye samadi, bega kwa bega na Akankwasa. Akakaa tu. Baada ya muda akamuuliza, "Mimi naitwa Katusiime. Wewe sasa hivi unataka nini?"

Tangu ugonjwa uanze watu wote tulikuwa tumemwambia anachotakiwa. Acha. Kaa. Kula. Nyamaza. Kijana akamtazama, akasema, "Nikune mgongo. Pale mkono haufiki."

Akamkuna. Mbele ya watu wote, afisa wa serikali, amekaa kwenye samadi, anamkuna kichaa mgongo. "Juu kidogo," anasema Akankwasa. "Hapo. Kushoto. Hapo hapo." Nililia. Mimi silii ovyo, lakini siku ile machozi yalijaa ndoo mbili, tukayamwagilia nyanya, na nyanya zile zilitoka na ladha.

Kisha akamgeukia Kashaija. "Mzee wangu, ufunguo uko wapi?"

"Umepotea."

"Basi tutausubiri hapahapa."

Akatoa karanga kwenye mkoba, wakala na Akankwasa. Akatafuna moja, akamwambia Kashaija taratibu, bila kumtazama, kwamba kumfunga mgonjwa mnyororo ni kosa mbele ya sheria, na kwamba yeye angependa zaidi kunywa kahawa nyumbani kwake kuliko kusimama naye mbele ya hakimu. Akatafuna nyingine. Jua lilipopanda juu ya zizi ufunguo ulipatikana. Ulikuwa shingoni mwa Kashaija, kwenye kamba, ndani ya shati.

Msidhani hapo ndipo alipopona. Hadithi zangu zingeishia hapo, kwa vigelegele. Maisha hayaishii. Walimpeleka kituo cha afya, muuguzi wa wagonjwa wa akili akampa dawa, na dawa zikamlaza, zikamnenepesha, zikamfanya atembee kama mtu anayevuka mto wenye mawe. Akazichukia, akaziacha, gongo ikamwona ikamkaribisha. Katusiime akaja. Wakaenda tena kwa muuguzi, akabadilishiwa. Akakaa vizuri, akaanguka tena msibani kwa jirani. Katusiime akaja. Sikumsikia hata mara moja akisema "si nilikuambia." Alikuwa anaegesha pikipiki chini ya mti wa mwembe... hapana, nadanganya, hapa hatuna hata mwembe mmoja wenye kivuli, alikuwa anaiegesha kwenye ukuta wa jiko langu, anaingia naye kwenye mistari ya kahawa, wanachuma na kuongea. Nilijaribu kusikiliza. Walikuwa wanaongea habari za ng'ombe.

Siku nyingine nilimuuliza, "Mwanangu, huchoki?"

"Nachoka, kaaka."

"Sasa?"

"Nalala. Asubuhi nakuja."

Alhamisi aliwakusanya vijana kwenye banda la nyuma ya kanisa letu la Kilutheri. Mmoja alikuwa hapati usingizi. Mwingine, Ambrose, alikuwa hajasema na mtu tangu mavuno yaliyopita. Wengine ni wa gongo tu, wengine wa bangi, wengine wana vyote. Nami nilikuwa nawapelekea viazi vya kuchemsha, na kwa kuwa viazi vinachukua muda kupoa nilikuwa nakaa dirishani. Nikaona kazi yao. Walikuwa na zoezi la kukataa. Katusiime anashika kikombe kitupu, anajifanya shangazi, rafiki, mwenye kilabu, anambembeleza kijana anywe, na kijana anatafuta maneno yake ya kukataa.

"Fupi," alikuwa anawaambia. "Anayejieleza sana anaomba ruhusa. Wewe huombi ruhusa, unatoa taarifa."

Walikuwa wanacheka, lakini wakawa wanaweza. Hata Ambrose akasema "Sitaki", neno moja, banda zima likapiga makofi. Akankwasa peke yake akashindwa. Kila Alhamisi. Kikombe kikimfikia, macho yanashuka, mkono unanyooka wenyewe, anapokea. Kikombe kitupu, hewa tupu, naye anakipokea kwa mikono miwili kama tulivyomlea kupokea cha mkubwa.

Niliona Katusiime ni mpole mno, hafai kuigiza mlevi. Nikaingia. Nikachukua fimbo, nikavaa koti la mlinzi wa kanisa, nikauburuta mguu wa kulia kama mtu anayechechemea, nikakohoa, nikasema kwa sauti nzito, "Kijana! Mimi ni mkubwa wa ukoo! Kunywa, usinitie aibu!"

Banda liliangua kicheko hata popo wawili wakatoka darini. Kila mtu alijua ni Kashaija. Akankwasa alicheka mpaka akakaa chini. Lakini nilipomsogezea kikombe, kicheko kilikatika, macho yakashuka. Akapokea.

Katusiime alimwekea mkono begani, akaniambia, "Kaaka, viazi vimepoa."

Kwa hiyo sasa mnaelewa kwa nini siku ya posa nilishika mwiko. Kijana aliyeshindwa kumkatalia bibi yake mwenye koti la mlinzi atamkataliaje Cleophace na masharubu yale, mbele ya koo mbili? Nilikuwa nimeamua nitamkatalia mimi.

"Nasikia," akasema Kashaija pale sebuleni, akijua anachochokoza, "nasikia mlikuwa mnanifanyia michezo huko kanisani."

"Nani kakuambia?"

"Mji mzima. Ati uliiga mpaka mguu wangu."

"Niliuiga vizuri. Watu walisema nachechemea kuliko wewe."

"Mwanamke wewe! Unaifundisha damu yangu, mjukuu wa kaka yangu, kudharau wazee!"

"Mjukuu wa kaka yako? Siku ya mnyororo alikuwa mjukuu wa nani?"

"Ulikuwa wa kumzuia asijidhuru!"

"Na huyu?" Nilimwelekezea Alistides mwiko. "Huyu aliyeangukia kisimani Pasaka, akavutwa miguu juu, akauliza kama chini bado ipo? Huyu umemfunga kwenye nguzo ipi?"

"Mama mkubwa, mimi nilikuwa nachota maji," akasema Alistides.

"Kwa mdomo?"

"Alistides anakunywa kama mwanaume," akasema Kashaija. "Hasemi na migomba."

"Migomba ndiyo iliyokataa kusema naye. Ina heshima zake."

"Basi tusitukanane." Kashaija aliinua mikono yote miwili, akamgeukia Katusiime, kwa sababu alikwisha kuona kwamba kwangu hakuna njia. "Mama Ustawi, wewe umesoma. Waambie. Funda moja litamfanya nini? Ni lubisi, si gongo. Hata mtoto mchanga hapa kwetu hulambishwa. Kijana apige goti, alowanishe ulimi, mambo yaishe, dada yake aolewe. Au dawa zenu ni dhaifu hivyo?"

Katusiime akaiweka kofia chini kwenye nyasi.

"Mzee wangu, mila yenu siigusi. Nimelelewa nayo. Na habari ya dawa na pombe muuguzi alishakueleza, ulikuwepo. Mimi nina swali moja tu."

"Uliza."

"Akankwasa mwenyewe amesema nini?"

Kashaija akamtazama Alistides. Alistides akatazama kijikapu cha kahawa. Nikafungua mdomo mimi, kwa kuwa mdomo wangu haujawahi kukosa la kutoa, nikaukuta hauna kitu. Tangu asubuhi nilikuwa nasema hataonja, hataonja, hataonja. Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimemshikia kikombe changu mwenyewe, tofauti ni kwamba changu kiliandikwa hapana.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Si yuko nyuma, anajificha," akasema Kashaija.

Pazia la chumba cha ndani likafunguka, Kampire akatoa kichwa, mafuta yanang'aa mashavuni. "Hajajificha, Babu. Alipita hapa dirishani mlipokuwa kwenye habari za kukojoa kitandani. Kavaa koti la baba. Kaniambia anakwenda kuwapokea wageni irembo." Irembo ni lango letu, kule chini njia inapoingilia migombani.

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Na kibuyu?" akauliza Kashaija.

Kampire akasita. "Amekibeba."

Kibuyu kizima cha lubisi, kimejaa mpaka shingoni, mikononi mwa mtoto wangu, kwenye njia ya migomba ambapo hakuna jicho la mtu. Kashaija alipiga kofi moja la furaha kabla hajalizuia.

"Mmeona! Fisi kakabidhiwa bucha! Mtamkuta chini ya mgomba, kibuyu kiko juu ya kifua! Na Cleophace atamruka kama gogo aingie ndani atuulize hii ni nyumba gani!"

Nikaelekea mlangoni, mwiko mkononi. Katusiime akanishika kanga.

"Kaaka, kaa."

"Niachie, binti. Unajua hawezi! Uliona Alhamisi zote zile!"

"Niliona."

"Na akinywa?"

Nilimtazama usoni. Hakuwa jasiri wakati ule, msimfanye malaika. Midomo yake ilikuwa imekauka, na vidole vilivyoshika kanga yangu vilikuwa baridi.

"Akinywa," akasema, "kesho nitakuja. Kama nilivyokuja siku zote. Lakini ukimfuata sasa umemfunga kwenye nguzo, kaaka. Ya kwako ina upendo, lakini ni nguzo."

Neno lile lilinikalisha. Kuna watu walionirushia mawe hawakunipata, lile lilinipata. Nikakaa kwenye nyasi, mwiko mapajani, nikasikiliza. Kule chini mbwa wa jirani alibweka, akanyamaza. Halafu sauti za watu, mbali, hazieleweki. Halafu kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu hata mgomba mmoja ukachanua, ukazaa, ukaiva, tukawa bado tunakisikiliza.

Kashaija yeye hakuweza kukaa na kimya. Alisimama katikati ya sebule, akajikung'uta koti, akamvuta Alistides mkono akamsimamisha kando yake. Kijana akayumba kidogo.

"Kampire, mletee baba yako mdogo Alistides kibuyu kingine. Wageni wameshafika irembo, na mwenye macho ameona yalivyo. Nimevumilia vya kutosha. Nilivumilia gongo, nikavumilia panga, nikavumilia kuigizwa kanisani na mwanamke mwenye koti la mlinzi. Sasa nasema kama mkubwa wa ukoo huu—"

"Sema tukusikie," nikamwambia. "Lakini jua nikiwa hai kibanja hiki kitalimwa na Akankwasa. Akiwa mzima atalima. Akiwa mgonjwa atalima akipumzika. Akianguka nitampandia magimbi pembeni mpaka ainuke. Na nikifa nitarudi nikae kwenye paa lako niimbe."

"—nasema kama mkubwa wa ukoo huu, mbele ya Ustawi awe shahidi, kwamba kijana asiyeweza kuonja kibuyu cha dada yake si kijana wa nyumba hii, na kuanzia leo kibanja cha marehemu Rwezaura kitakuwa chini ya—"

Mlango ukaingia giza.

Alikuwa Mzee Cleophace wa Kibingo, ameinama ili masharubu yapite. Fimbo yake haikuwa mkononi mwake. Ilikuwa mkononi mwa Akankwasa, aliyesimama nyuma yake na koti la baba yake, macho yako juu, midomo mikavu ina vumbi la njia. Mkononi mwa Cleophace kulikuwa na kibuyu. Jani la kukizibia halikuwepo. Na kwenye masharubu yale, kutoka upande mmoja mpaka mwingine, povu la lubisi lilikuwa limekaa kama ukungu juu ya migomba.

"Hodi wenyewe," akasema. "Samahani, nimeanza huko irembo. Kijana wenu kapiga goti, kaniambia mbele ya wanangu wote: 'Mzee, karibu. Hiki sikukionja na sitakionja. Ukiogopa, kirudishe.'" Akajifuta povu kwa mgongo wa mkono, akamtazama Kashaija aliyekuwa bado ameinua kidole. "Nimetembea jua lote hili, niogope nini? Haya, endeleeni. Mlikuwa mnasema kibanja cha nani?"